Maji ya Mkokoteni na Samaki wa Kinyozi

Tangi lenyewe ni la lita 200, nalo limewekwa katika duka la kinyozi mmoja pale Umoja, Nairobi, ubavuni mwa kiti ili mteja anayenyolewa apate cha kutazama. Ndani mlikuwa na samaki wa dhahabu saba, enjeli wawili na kundi la gapi. Mchanganyiko huo nisingeushauri, kwa sababu samaki wa dhahabu hupenda maji ya baridi ilhali enjeli wanataka joto, lakini ulikuwa umeishi vizuri kwa muda mrefu. Alhamisi moja asubuhi wote walikutwa juu, midomo wazi, wakihema. Mapezi yalikuwa yamebanwa mwilini na matamvua yamekuwa mekundu kupita kiasi. Gapi kadhaa walikuwa wameshakufa. Kufikia saa sita mchana mwenye tangi alikuwa ameshatia dawa ya buluu na kufungulia vidonge viwili vya tetrasaikilini alivyonunua duka la dawa.

“Sikubadilisha kitu, boss,” alisema. “Niliwabadilishia maji tu.”

“Maji ya wapi?”

“Ya mkokoteni. Mfereji umekauka tangu Jumatatu.”

Mtu yeyote anayefuga samaki Eastlands angetakiwa kuanzia hapo kabla ya kuuliza habari ya ugonjwa. Kuanzia Buruburu na Donholm hadi Kayole na Komarock, nyumba moja hutumia maji ya aina mbili zisizofanana hata kidogo. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang’a, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Ni maji ya mito ya msitu wa Aberdare, husafishwa Ng’ethu na kutiwa klorini. Ni maji laini: hayana madini mengi na pH yake haiendi mbali na 7. Januari 2017, mvua ilipokuwa imepungua na bwawa limeshuka, kampuni ya maji ya jiji ilianza mgao wa siku maalumu kwa kila mtaa, na watu wa Eastlands wamejifunza kuishi kwa ratiba ya aina hiyo. Siku ambazo mfereji hautoi, pengo huzibwa na mkokoteni na lori la maji, na hayo mara nyingi ni maji ya kisima kirefu. Yamekaa katika miamba ya volkano, yamebeba bikaboneti ya sodiamu na floraidi, na pH yake hupita 8 bila shida. Kwa kufulia hayana neno. Kwa samaki aliyezoea maji ya Ndakaini ni nchi nyingine.

Kinyozi alitoa lita 80 za maji ya zamani na kumimina mitungi minne ya lita 20. Nia ilikuwa njema: maji yalikuwa yameanza kunuka na kuwa na ukungu. Vipimo vya matone vya saa nane vilionyesha pH 8.2, amonia miligramu 1 kwa lita na naitraiti miligramu 2. Ukiangalia amonia peke yake utasema si mbaya sana. Kosa liko hapo, kwa sababu amonia majini huwa ya namna mbili. Moja ina chaji, na matamvua huipitisha kwa shida. Nyingine haina chaji, nayo hupenya na kuunguza. Kinachoamua kiasi cha kila moja ni pH na joto. Kwa nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na ile kali kiasi cha asilimia 0.6 tu ya amonia yote. Ikifika 8.2, ni asilimia 8.

Sasa fanya hesabu. Ikiwa baada ya kutoa asilimia 40 ya maji amonia ilibaki miligramu 1, basi kabla ya hapo ilikuwa kama 1.7. Katika ile 1.7 ya pH 7, amonia kali ilikuwa miligramu 0.01 kwa lita, chini ya kiwango cha 0.02 ambacho wafugaji wengi hukichukua kuwa mpaka wa usalama. Katika ile 1 ya pH 8.2 ilikuwa 0.08. Mtu alipunguza uchafu kwa karibu nusu, akaifanya sumu iwe mara nane. Wala asidhani kwamba lita 120 za maji laini zilizobaki zingezishinda zile 80. Bikaboneti ndiyo inayoshikilia pH, na maji ya Ndakaini yana bikaboneti kidogo mno, kwa hiyo mchanganyiko hufuata kisima.

Lakini miligramu 1.7 za amonia zilitoka wapi katika tangi lililokuwa limetulia? Ilibidi kuuliza zaidi, na jibu lilikuwa kwenye filta. Jumapili, maji ya mfereji yalipokuwepo kwa wingi, sponji ilitolewa ikakamuliwa chini ya mfereji hadi ikatakata. Bakteria wanaokula amonia na kuigeuza naitraiti, kisha naitreti ambayo haina madhara makubwa, huishi juu ya sponji hiyo. Klorini iliyowekwa Ng’ethu ili sisi tusiugue haichagui bakteria. Sponji huoshwa ndani ya karai lenye maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, ikakamuliwa mara mbili tatu na kurudishwa ikiwa bado na rangi ya chai. Ikitoka nyeupe umeshaiharibu.

Kwa hiyo kabla ya kutaja ugonjwa wowote tulikuwa na mkufu mzima: filta ikauawa Jumapili, mfereji ukakauka Jumatatu, amonia ikapanda hadi Jumatano, maji ya kisima yakaingia jioni hiyo, na alfajiri samaki wakawa juu. Dawa ya buluu na tetrasaikilini zilikuja kumalizia bakteria wachache waliobaki.

Jambo la kwanza lililofanywa halikugharimu chochote: chakula kikasimamishwa. Samaki wa dhahabu mzima hukaa wiki nzima bila kula na hadhuriki, na kila punje isiyoliwa ni amonia ya kesho. La pili lilikuwa hewa. Wengi hawaweki maanani kwamba Nairobi iko juu. Uwanja wa ndege pale Embakasi uko mita 1,624 kutoka usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita. Kwa nyuzi 25 maji ya Mombasa yanaweza kubeba miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita, ya Umoja kama 6.8. Samaki ambaye matamvua yake yameungua hana ziada ya kuchezea. Pampu ya pili ya hewa iliazimwa, na mdomo wa filta ukainuliwa ili maji yaanguke kwa kishindo.

La tatu ndilo lililohitaji uvumilivu. Kishawishi kilikuwa kubadilisha nusu ya maji tena, mara hii ya mfereji, au kumimina siki ili kushusha pH. Siki katika maji yenye bikaboneti hushusha pH kwa saa chache, kisha inapanda tena, na samaki anapigwa mara mbili. Badala yake tuliomba maji kwenye tangi jeusi la juu ya paa la jirani, ambamo kulikuwa na maji ya mfereji ya wiki iliyotangulia, klorini imeshatoka. Lita 20 ziliingizwa jioni, polepole, kwa mpira mwembamba wa pampu. Lita 20 nyingine asubuhi, na hivyo hivyo kwa siku nne. pH ilishuka kidogo kidogo na amonia ikashuka nayo. Anayetumia maji yaliyotoka mferejini siku hiyo hiyo ayaache kwenye pipa wazi kwa saa 24 huku yakipigwa hewa, au atie sodiamu thaiosalfeti, miligramu 7 hivi kwa kila miligramu ya klorini.

Dawa ya buluu iliondolewa kwa kaboni ya akwaria iliyofungwa kwenye kitambaa ndani ya filta. Makaa ya jikoni hayafanyi kazi hiyo, na majivu yake hupandisha pH zaidi. Kisha ikatafutwa sponji kuukuu kutoka kwa mfugaji wa Buruburu ambaye tangi lake halijaona ugonjwa kwa muda mrefu, ikawekwa kando ya ile iliyooshwa. Bakteria hawa huzaana taratibu. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita kujitegemea, na sponji ya kuazima hupunguza muda huo kuwa siku kadhaa.

Naitraiti ilikuwa tatizo la peke yake. Hupita kwenye matamvua, huingia damuni na kuifanya isibebe oksijeni. Damu ya samaki aliyeathirika hubadilika rangi kuwa ya kahawia, na ukimwona anahema wakati pampu zinafanya kazi vizuri, shuku hilo. Tiba yake ni chumvi, na sababu yake inapendeza: kloraidi ya chumvi na naitraiti hugombea mlango mmoja kwenye matamvua, mfano wa abiria wawili na kiti kimoja cha matatu. Kloraidi ikiwa mara kumi ya naitraiti, naitraiti hubaki nje. Kwa miligramu 2 za naitraiti unahitaji miligramu 20 za kloraidi, yaani gramu 7 hivi za chumvi katika lita 200. Kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Watu humwaga nusu kilo wakidhani wingi ndio nguvu. Sisi tulitia gramu 200, gramu moja kwa lita, kwa sababu kiasi hicho humpunguzia samaki kazi ya kuyazuia maji yasiujaze mwili wake, lakini tuliiyeyusha kwanza kwenye jagi na kuigawa siku mbili.

Samaki waliacha kupanda juu siku ya pili. Siku ya tano enjeli mmoja alionekana na vidoa vyeupe vya ukubwa wa chembe ya chumvi kwenye mkia. Hapo sasa palikuwa na ugonjwa wa kweli, ikti, wa kimelea Ichthyophthirius multifiliis, ambaye hupenda samaki aliyechoka. Nina ubishi na namna ugonjwa huu unavyotibiwa mitaani. Kimelea akiwa ndani ya ngozi, dawa haimfikii. Hukomaa, huanguka, hujifunga chini kwenye changarawe, hugawanyika kuwa mamia, na wadogo hao hutoka kutafuta samaki. Ni katika safari hiyo tu, ambayo haizidi siku mbili hivi, ndipo chumvi au dawa humuua. Kwa nyuzi 25 mzunguko wote huchukua siku tatu hadi sita. Lakini Julai ya Nairobi, usiku wa nyuzi 12 nje, tangi lisilo na hita hushuka chini ya nyuzi 20, na mzunguko huo huo huvuka siku kumi. Mtu hutibu siku tano, vidoa vinadondoka, anashangilia, anaacha. Wiki inayofuata vimerudi mara tatu, na lawama zinaangukia dawa.

Tulipandisha joto kwa hita hadi nyuzi 28, nyuzi moja au mbili kwa siku, na chumvi hadi gramu 2 kwa lita. Hatukufika 30 kwa ajili ya samaki wa dhahabu, na kwa sababu kila nyuzi unayoongeza hufukuza oksijeni ambayo tayari ni chache. Changarawe ilifyonzwa kwa mpira kila siku ya pili. Kidoa cha mwisho kilipotoweka, matibabu yaliendelea siku kumi zaidi.

Kuhusu tetrasaikilini sina upole. Hakuna kidonda chochote kilichokuwa kimeonekana, hakuna pezi lililooza. Dawa hiyo ikimwagwa majini hushikana na kalisi na magnesi, nyingi isimfikie samaki kabisa, huku ikiwadhuru bakteria wa filta. Ikifika mahali antibiotiki inahitajika kweli, mgonjwa atengwe kwenye beseni la plastiki ambalo halijawahi kuguswa na sabuni, na daktari wa mifugo aulizwe.

Kinyozi ana hatari nyingine ambayo wafugaji wengine hawana: mikono yenye michubuko ya wembe. Bakteria Mycobacterium marinum wa kwenye matangi huingia kwa njia hiyo na kuacha vinundu vinavyochukua miezi kupona. Glavu ndefu za mpira zinatosha.

Umeme ndio mtihani uliobaki. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilizima kwa saa nyingi, na filta za kopo zilizofungwa ziligeuka makaburi ya bakteria. Stima ikirudi, filta ya namna hiyo isiwashwe kabla ya kufunguliwa na kumwaga maji yaliyooza ndani. Sponji iliyo wazi ndani ya tangi hustahimili zaidi, na pampu ndogo ya betri huitunza usiku kucha.

Duka hilo sasa lina mapipa mawili nyuma ya pazia, ya maji ya mfereji yanayosubiri zamu ya mgao. Kwa anayeishi ploti ambayo kisima ndicho chanzo cha mwaka mzima, ushauri wangu ni tofauti: aache kupigana na pH, abadilishe samaki. Mbuna wa Ziwa Nyasa wamezoea pH ya karibu 8, na sikilidi wa Ziwa Tanganyika huishi karibu na 9. Hao maji ya kisima hayawatishi, mradi amonia ibaki sifuri, maana kwa pH ya 9 theluthi nzima ya amonia huwa ile kali.