Gitaa la Mwenyeji na Gitaa la Mgeni

Msomaji, soko la Sondu liko mpakani mwa nchi ya Wajaluo na nchi ya Wakipsigis, karibu na mto wenye jina hilo, katika barabara itokayo Kisumu kwenda Kisii. Ukilipita siku ya soko huenda ukasikia benga ikitoka vibandani. Sikiliza vema gitaa lenye sauti nyembamba. Mwimbaji akitamka neno, gitaa hilo humjibu. Akinyamaza, hushika usemi na kukimbia nao. Wajuzi wengi husema kwamba mtindo huo umerithiwa kutoka kwa nyatiti, chombo cha nyuzi nane cha Wajaluo, ambacho nyuzi zake hudonolewa mmoja mmoja, wala hazikung'utwi zote pamoja.

Gitaa lenyewe ni mgeni aliyefika zamani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alinasa huko Kapkatet, upande wa Kericho, sauti za wasichana wa Kikipsigis wakimwimba kiumbe waliyemwita Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani mwenye gitaa aliyekufa mwaka 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika vijijini. Hawakupata kumwona, walimsikia tu, wakamfanya wao.

Ikawaje basi wapiga gitaa wa Marekani walipokuja wenyewe? Mwaka 2004 Ian Eagleson, aliyekuwa akiitafiti benga kwa ajili ya masomo yake, na mwenzake Alex Minoff, walirekodi Nairobi pamoja na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Orchestra Extra Solar Africa. Wageni hao walikuwa na bendi yao ya roki, Golden. Majina mawili yakaunganishwa, ikazaliwa Extra Golden, na ngoma zikashikwa na Onyango Wuod Omari.

Wako wanaodhani kwamba katika mikutano ya namna hii Mwafrika huwa ndiye mpigaji wa kukodiwa, yaani mtu aitwaye studio ili autie wimbo wa mwingine ladha, kisha jina lake lisahauliwe. Sikiliza Ok-Oyot System, albamu yao ya kwanza iliyotolewa mwaka 2006, uone kama ndivyo. Katika roki mpiga gitaa la solo hungoja zamu yake, halafu hujitenga na wenzake ili asikike peke yake. Katika benga magitaa hushikana kama nyuzi za wavu; ukikata mmoja samaki wote watatoka. Katika nyimbo za Kijaluo za albamu hii Wamarekani wamekubali kuwa nyuzi za wavu huo. Hupiga kifupi, hurudia, humwachia Otieno nafasi. Wageni ndio waliogeuka wapigaji wa kukodiwa, ingawa hakuna aliyewakodi! Nyimbo za Kiingereza zilizomo ni dhaifu kuliko hizo, kwa sikio langu. Humo ngoma zinakanyaga kwa uzito, nyuzi zinakung'utwa kwa pamoja, na wavu unalegea.

Jina la albamu lina maana ya “si rahisi,” nalo halikutiwa chumvi. Otieno alifariki mwaka 2005, kabla sahani haijatoka. Mwaka 2006 wenzake walialikwa katika tamasha la muziki wa dunia la Chicago, wakakwama kwenye viza. Ustadi wa vidole haumpitishi mtu mpakani. Ofisi ya Barack Obama, ambaye wakati huo alikuwa seneta wa Illinois, iliwasaidia, wakasafiri, na katika Hera Ma Nono ya mwaka 2007 mna wimbo uitwao “Obama.” Msikilizaji wa ng'ambo anaweza kuudhani wimbo wa siasa. Mjaluo hatatatizwa nao, kwa maana benga imezoea siku zote kumtaja kwa jina mfanya biashara, mwalimu au rafiki aliyemfaa mwimbaji. Ni deni linalolipwa hadharani, na katika wimbo huu linalipwa kwa desturi ya nyumbani mbele ya watu wasioijua desturi hiyo.

Opiyo Bilongo alikuwa amejiunga nao kama mwimbaji na mpiga gitaa. Ni mpigaji hodari, na magitaa ya albamu ya pili ni laini zaidi, pengine laini kupita kiasi. Yale mashaka ya watu wanaojuana kwa mara ya kwanza, ambayo yaliitia ya kwanza uhai, yamekwisha. Mwaka 2009 ikafuata Thank You Very Quickly, baada ya fujo zilizoikumba Kenya kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, na jina lake tena ni la shukrani. Ukiwa na nafasi ya kusikiliza moja tu, chukua ile ya kwanza, nawe uisikilize mara mbili: mara moja kwa ajili ya Otieno, na mara ya pili kwa ajili ya wale wawili wanaomwitikia.