Pora Huenda Ukweni

Mfugaji wa kuku aina ya Kuchi akikukaribisha bandani, atakuonyesha jogoo kwanza. Miguu mirefu na minene, kifua wazi, shingo kama ya mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Kisha atakutajia bei aliyoikataa juzi. Nikishamaliza kusifu, huwa nauliza: majogoo unao wangapi? Mara nyingi ni huyo huyo mmoja, na matembe kumi wanamzunguka, na majirani nao wanaleta wao apande.

Hapo ndipo koo safi inapoanza kuoza, tena kwa heshima zote. Kila kifaranga huchukua nusu ya urithi kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo jogoo akiwa peke yake anashika nusu ya banda zima hata akiwa na wake mia. Wataalamu wa jeni wana hesabu fupi ya kupima hali hiyo. Chukua idadi ya majogoo, zidisha kwa idadi ya majike, zidisha tena kwa 4, halafu gawanya kwa jumla yao wote. Jogoo 1 na majike 10 wanatoa 3.6. Maana yake, machoni pa urithi, kundi la ndege kumi na mmoja ni sawa na ndege wasiofika wanne. Sasa nunua majike wengine 90, ulishe midomo mia. Unapata 3.96. Pesa yote hiyo ya pumba na dagaa, na bado hujafika 4! Lakini ukiwa na majogoo 3 na majike 30 unaruka hadi karibu 11, na kasi ya udugu kuongezeka kila kizazi inashuka kutoka takriban asilimia 14 hadi chini ya 5. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hushauri hesabu hiyo isipungue 50, yaani, kwa mfano, majogoo 15 kwa majike 75. Wengi wetu hatufiki huko, ila tunajua sasa pa kuweka shilingi: kwenye majogoo.

Marekani ya karne ya 19 iliuona ugumu huu na kuujibu kwa mchoro. I. K. Felch wa Natick, Massachusetts, aliyesifika kwa kuku wake aina ya Light Brahma, alichora namna ya kuanza na jozi moja tu. Binti anarudishwa kwa baba, mtoto wa kiume anarudishwa kwa mama. Upande mmoja unapata vifaranga wenye robo tatu za damu ya baba, wa pili robo tatu za damu ya mama. Kisha pande hizo mbili zinapandishwa, na kifaranga anatoka nusu kwa nusu, kama wa uzao wa kwanza kabisa. Ni mchoro mzuri na bado una wafuasi. Mimi nina ugomvi nao mmoja: unahesabu damu, hauhesabu udugu. Mwaka 1922 mtaalamu wa jeni Sewall Wright alitoa kipimo cha udugu, na ukimpima kifaranga huyo wa "nusu kwa nusu" unapata asilimia 18.75. Watoto wa jozi ya kwanza walikuwa na sifuri. Hata kifaranga wa ndugu waliochangia baba tu ana 12.5. Karatasini tumerudi nyumbani, lakini njiani tumeshadondosha mizigo.

Njia ninayoitumia ni ya mzunguko, na kwa mtu anayewajua Waluguru haihitaji mchoro. Kama kwao, ukoo unahesabiwa kwa mama. Gawa kundi katika nyumba tatu, tuseme A, B na C. Mfarika akikua anabaki nyumba ya mama yake, siku zote. Pora ndiye anayehama: wa A huenda B, wa B huenda C, wa C huenda A, na mwakani vivyo hivyo. Dada na kaka wa tumbo moja hawakutani. Udugu hauondoki, maana kuanzia kizazi cha pili babu na bibi wameshachangamana, ila unakuja kwa hatua ndogo. Mtego mmoja tu: jogoo aliyekwenda B ndiye baba wa mifarika wa B. Ukimwacha msimu wa pili, atapanda binti zake, na umerudi kwa Felch bila kujua. Lazima aondoke, au abaki na matembe wa zamani peke yao.

Yote haya yanasimama juu ya alama. Mwanzoni nilitumia pete za plastiki. Miguu ikanenepa, nyingine nikazikata kwa huruma, nyingine zikapotea kwenye maranda, na mwisho nikala kuku saba wasiojulikana kwao. Siku hizi natoboa ngozi iliyo kati ya vidole, siku ile ile kifaranga anapotoka kwenye mashine ya kuangulia. Kila mguu una ngozi mbili za mbele, jumla nne. Kutoboa au kuacha kunakupa alama 16. Kipande lazima kidondoke kabisa, kikibaki kinaning'inia tundu litajiziba. Na siku ya 18, mayai yakihamishiwa trei za kuangulia, kila nyumba iwekewe wavu wake, la sivyo alama yako itakuwa uongo ulioandikwa vizuri.

Jambo lingine ni subira. Tembe huhifadhi mbegu za jogoo mwilini wiki mbili hadi tatu. Ukibadilisha jogoo leo, mayai ya wiki tatu zijazo yapeleke jikoni.

Nyumba zangu tatu haziko uani pangu zote. Moja iko kwangu, mbili ziko kwa majirani. Nilihofia kila mmoja angeng'ang'ania pora wake bora na kumpa mwenzake masalio. Haikuwa hivyo, kwa sababu pora wangu bora hana kazi kwangu: dada zake ndio wamejaa bandani. Ninachotegemea ni pora wa mwenzangu, naye anategemea wangu. Ndiyo maana jirani wa kushoto, akija kuchukua wake, huja na mizani ya kuning'iniza, akampapasa kidari, akampanua vidole kutafuta tundu, kisha akaniambia nimletee wale wengine nao awaone.