Fundi Asiyekimbilia Spana

Mwanzoni boda boda haikuwa na injini. Miaka ya 1960, vijana wa Busia walifunga kiti cha sponji kwenye keria ya baiskeli, wakawa wanavusha watu na mizigo yao kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda. Gari lilihitaji makaratasi ili kupita kipande hicho cha katikati. Baiskeli haikuulizwa mengi. Malaba, mji mwingine wa mpakani, nayo ikaipokea biashara hiyo, na jina likaenea Afrika Mashariki nzima. Waliosifiwa ni waendeshaji, tena kwa haki. Fundi wao, yule wa kando ya barabara mwenye boksi la mbao lililojaa gololi, nati na vipande vya tyubu, hatajwi.

Kuziba pancha kila mtu hujifunza. Kazi yenyewe ni kunyoosha gurudumu.

Baiskeli za muundo wa Kiingereza, zile nyeusi za Raleigh na nduguze kutoka India, kwa kawaida zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Kila spoki ni waya wa chuma wenye unene wa milimita 2 hivi. Ukiwa peke yake, mtoto anaukunja. Zikivutwa zote pamoja, nusu upande wa kulia wa habu na nusu upande wa kushoto, zinabeba mtu mzima na gunia lake. Mpangilio wa spoki zinazopishana, badala ya kunyooka moja kwa moja kutoka katikati, ulipewa hataza mwaka 1874 kwa jina la James Starley wa Coventry, Uingereza, na ndio unaotumika mpaka leo. Mwaka 1981 mhandisi Jobst Brandt alichapisha kitabu kizima kuhusu gurudumu la baiskeli, akaeleza jambo ambalo wengi hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza: mzigo ukikaa juu ya habu, spoki zinazoubadilikia zaidi ni zile za chini, na zenyewe hulegea. Kwa hiyo kila mzunguko, kila spoki hulegea ikifika chini, hukaza ikipanda. Iliyoanza safari ikiwa imelegea hupoteza mvuto wote, na nati yake huanza kujifungua yenyewe. Kwa baiskeli inayobeba abiria juu ya ekseli ya nyuma kutwa nzima, hiyo si nadharia.

Basi mteja anafika na lalamiko lilelile: gurudumu linacheza. Fundi mchanga hushika spana papo hapo na kukaza spoki iliyo karibu na mahali palipopinda. Pananyooka. Mbele kidogo panapinda pengine, anakaza tena, na kufikia saa sita ana ringi lililojikunja hata haliingii kwenye uma.

Mzoefu huanza kwa kutogusa spoki hata moja. Anaipindua baiskeli isimame kwa tandiko na usukani, analishika gurudumu kwa juu na kulisukuma kushoto na kulia. Likigonga, ugonjwa uko kwenye habu: koni zimelegea au gololi zimekwisha, na hakuna spoki ya kuponya hilo. Likitulia, analizungusha na kutazama ringi, si tairi. Tairi lililokaa vibaya huyumba huku ringi lenyewe likiwa sawa kabisa, na kuna watu wamelipia kunyooshewa kitu kisichopinda. Halafu anaangalia kama ekseli imekaa sawa, isije ikawa nati ilikazwa ikiwa imeenda pembeni. Baada ya hapo ndipo spoki zinashukiwa.

Sasa anachukua chaki, anaegemeza kiganja kwenye uma na kuisogeza mpaka iguse ringi linapozunguka. Palipoachwa alama ndipo palipotoka nje. Anazikwanyua spoki za hapo kwa kidole: iliyokaza hulia kama uzi wa litungu, iliyolegea hutoa mlio mfu. Ringi likiwa limevutwa kulia, analegeza kidogo za kulia na kukaza za kushoto kwa kiasi kilekile, nusu mzunguko, kisha robo, kisha analizungusha tena. Mwisho huligeuza gurudumu la mbele, kushoto kuwe kulia, na kulirudisha kwenye uma. Kama sasa limesogea upande mwingine, basi limenyooka lakini haliko katikati, na kazi haijaisha.

Breki za vyuma vya kuvuta zina madai yake. Raba zake hazibani ringi ubavuni. Hukandamiza uso wa ndani, ule unaotazama habu. Kuyumba kidogo kando hazijali. Lakini duara likiwa na nundu, breki hushika na kuachia, hushika na kuachia, na abiria hulijua hilo mgongoni mwake.

Busia ina mtihani mwingine. Kwa miongo kadhaa watu wenye ulemavu wamevusha bidhaa mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika habari zao mwaka 2007. Baiskeli ya magurudumu mawili hulala inapokata kona, na uzito ukaendelea kufuata usawa wa gurudumu. Ya matatu hailali. Ikikata kona na katoni za sabuni, gurudumu husukumwa kwa ubavu, upande ambao spoki ni dhaifu zaidi. Anayeweza kuyaweka sawa magurudumu hayo anastahili heshima zaidi ya anayopewa.

Pikipiki zimekwisha kuchukua abiria wengi, lakini Boxer nyingi bado zina spoki, nene zaidi, na kanuni ni zilezile. Shida kubwa ni barabara. Malori yakipanga foleni kuingia Malaba, wenye magurudumu mawili hubanwa kwenye ukingo wa lami ulioliwa, na pigo moja la shimo hukunja chuma chenyewe. Hapo fundi hulegeza spoki zote za sehemu hiyo na kutazama. Ringi likibaki limepinda bila kuvutwa na chochote, mteja huelekezwa duka la spea, na spoki zilizo nzima huchomolewa moja moja kwa ajili ya ringi jipya.