Kutuma Data bila Hodi: SIM800L na UDP

Kipimo cha kina cha maji kilichofungwa juu ya tangi hakina mengi ya kusema. Kila baada ya muda kinatoa ujumbe wa baiti 12, kwa mfano T07,0413,082: tangi la 7, ujumbe wa 413, maji asilimia 82. Ukiutuma kwa TCP, modemu hupiga hodi, seva huitikia, modemu huthibitisha, ndipo data ipite. Na kuagana nako kuna pakiti zake. Kila pakiti hubeba vichwa vya baiti 40 au zaidi, hivyo baiti 12 za maana huburuta zaidi ya 300. UDP, iliyoelezwa na Jon Postel katika RFC 768 mwaka 1980, haipigi hodi. Baiti 20 za IP, 8 za UDP, 12 za ujumbe: pakiti moja ya baiti 40, basi.

Kwa kazi hii wengi hutumia SIM800L, modemu ndogo ya 2G inayoongozwa kwa amri za AT. Kabla ya amri yoyote, angalia umeme. Inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inaporusha mawimbi huvuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Ukiilisha kwa waya mwembamba, itajizima na kuwaka upya, nawe utalaumu laini bure. Weka kapasita kubwa karibu na miguu yake.

Kisha uliza AT+CREG?. Jibu likiisha na 1, modemu imesajiliwa kwenye mtandao wake. Likiisha na 5, iko ugenini. Safisha mabaki ya kikao kilichopita kwa AT+CIPSHUT, taja APN kwa AT+CSTT (kwa laini ya Safaricom ni "safaricom"), washa data kwa AT+CIICR, halafu omba anwani kwa AT+CIFSR. Amri hii ya mwisho wengi huiruka wakidhani ni ya kutazamia tu. Sivyo: bila hiyo modemu haisongi hatua inayofuata, na AT+CIPSTART itarudisha ERROR. Tena ina tabia yake: hujibu kwa anwani tupu, bila OK. Programu inayosubiri OK itakaa hapo mpaka kesho.

Sasa andika AT+CIPSTART="UDP", ikifuatiwa na anwani ya seva na poti. Modemu itajibu CONNECT OK. Hapo ndipo panapohitaji macho, kwa sababu hakuna kilichounganishwa. Modemu imeandika tu kwenye kumbukumbu yake pa kupeleka pakiti. Seva inaweza kuwa imezimwa tangu jana na jibu likawa lilelile. Ukiendelea na AT+CIPSEND=12, ukaona alama ya > na kumimina ujumbe, utapata SEND OK. Nayo katika UDP si risiti. Pakiti imetoka mkononi mwako, hakuna aliyeahidi kwamba imefika.

Risiti ni lazima uitengeneze mwenyewe, na ndiyo maana ya ile 0413 katikati ya ujumbe. Seva ikipokea, irudishe namba hiyohiyo. Modemu isipoiona ndani ya sekunde chache, itume tena. Seva ikipata namba ileile mara mbili, iandike mara moja. Washa AT+CIPHEAD=1 ili jibu la seva lije na alama ya +IPD, lisichanganyike na maneno ya modemu yenyewe.

Na seva ijibu kule pakiti ilikotoka, isiifuate anwani iliyoonyeshwa na CIFSR. Mara nyingi hiyo ni ya ndani ya kampuni ya simu, na nje inaonekana nyingine kabisa. Ijibu papo hapo pia: njia ya kurudi hufungwa pakiti zikikoma. RFC 4787 inataka idumu walau dakika 2, lakini mimi nisingeitegemea hata hiyo.

Kwa tangi, mpangilio huu unatosha na kuzidi: kipimo kimoja kikipotea, kinachofuata kitasema hali ilivyo. Kwa mita ya malipo, ambako kila ujumbe ni pesa ya mtu, lipa gharama ya TCP.