Kizuizi cha Bastola na Dhima ya Kidole Gumba

Katika kadhia ya kuchagua bastola hapana suala lizushalo ubishi mwingi kama hili la kizuizi cha mkono, yaani ule wenzo mdogo wa chuma upandishwao na kushushwa kwa kidole gumba ili risasi isiweze kutoka hata kifyatulio kikivutwa. Wautakao husema kwamba silaha isiyo nao ni hatari kwa mwenyewe kabla haijawa hatari kwa adui. Na waukataao hujibu kwamba mtu aliyeshikwa na hofu, moyo ukimwenda mbio na mikono ikimtetemeka, atasahau kuushusha, nayo bastola itakuwa chuma kitupu mkononi mwake. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini nionavyo mimi wenzo huo hauwezi kuhukumiwa peke yake: sharti kwanza ijulikane mtambo umekiachia kidole cha shahada kazi kiasi gani katika risasi ya kwanza, kisha ijulikane silaha hiyo hushikwashikwa wakati gani zaidi, wa kupiga au wa kurudishwa mahali pake. Ithibati ya maneno haya inapatikana katika mambo ya majeshi mawili, la Marekani na la Austria, ambayo kwa muda wa karne moja na ushei yaliwapa mafundi wao masharti yasiyofanana.

Vita vya Wamarekani na Wamoro katika visiwa vya Ufilipino vilikuwa vimedhihirisha kwamba risasi ya .38 haikuwa na nguvu ya kumsimamisha mtu ajaye mbio, na majaribio ya Thompson na LaGarde ya mwaka 1904 yakaelekeza kwenye risasi nzito zaidi, ile ya .45. Fundi John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden katika jimbo la Utah, alikuwa akiifanyia kazi kampuni ya Colt bastola za kujipakia zenyewe, na ya kwanza kuuzwa, ile ya mwaka 1900, ilikuwa na kizuizi cha namna ya pekee: kilengeo cha nyuma chenyewe kilibonyezwa chini kikaingia kati ya mtambo, yaani ile nyundo ya nyuma, na pini ya kufyatulia, mtambo ukazuiwa usiigonge. Baadaye jeshi lilitaka kizuizi cha mpinini, ambacho hujifungua chenyewe kiganja kikiushika mpini sawasawa, na hujifunga tena kiganja kikiuacha. Bastola ya mwaka 1910 ilipofika mbele ya maofisa ilikuwa na hicho tu kwa upande wa nje. Wenzo wa kidole gumba uliongezwa baadaye katika mwaka huo huo, na walioutaka walikuwa askari wa farasi.

Hapa inafaa tutulie kidogo, maana sababu ya askari hao hufahamika visivyo mpaka leo. Mpanda farasi ana mkono mmoja katika hatamu na mkono mmoja katika bastola. Akishapiga risasi ya kwanza, silaha ya Browning hujipakia, na mtambo wake hubaki umepanda, tayari kuangukia fataki ya risasi inayofuata kwa mvuto mfupi na mwepesi wa kifyatulio. Sasa farasi ameshtuka, anaruka huku na huku, na yule askari anahitaji kuirudisha bastola katika ala yake ili aikamate hatamu kwa mikono miwili. Akitaka kuushusha mtambo, itampasa akivute kifyatulio huku akiuzuia mtambo kwa kidole gumba hicho hicho cha mkono ule ule, risasi nzima ikiwa imo katika chemba, na mnyama anamtikisa. Nayo ni kazi ambayo hata mtu aliyesimama juu ya ardhi tulivu huifanya kwa hadhari. Wenzo ulimwondolea mushkeli huo: akiusukuma juu kwa kidole gumba, kishikizo cha ndani kinachoushika mtambo hufungwa, na kifuniko cha juu nacho hufungwa kisirudi nyuma. Kwa hiyo wenzo huu, ambao leo watu hubishana kama utamchelewesha mtu atoaye silaha, uliombwa kwa ajili ya mtu airudishaye. Mwezi wa Machi 1911 bastola hiyo ilipiga risasi 6,000 katika majaribio bila kukwama, na tarehe 29 ya mwezi huo ikakubaliwa rasmi kwa jina la M1911.

Kwa miaka 74 askari wa Marekani walifunzwa kwamba wenzo ukishushwa, silaha iko tayari. Kisha mwaka 1985 likaja badiliko ambalo kwa rai yangu halikupimwa vya kutosha. Bastola ya Beretta, iliyoitwa M9, ilifuata ufundi ambao Wajerumani wa Walther walikuwa wameusambaza tangu mwaka 1929: mtambo hupumzika chini, na mvuto wa kwanza wa kifyatulio, mrefu na mzito, huupandisha na kuuangusha kwa pamoja, ilhali mivuto inayofuata huwa mifupi na myepesi. Silaha ya namna hii ina kizuizi katika uzito wa mvuto wake, na wenzo juu yake ni ziada. Hata hivyo M9 ilipewa wenzo, tena uliwekwa juu ya kifuniko kinachorudi nyuma badala ya kuwekwa katika kiunzi, na mwendo wake ukageuzwa: chini ni kufunga, juu ni kufungua. Aidha, mtu aliyekivuta kifuniko kwa haraka ili kuipakia silaha aliweza kuushusha wenzo bila kukusudia, akadhani amejiandaa kupiga, kumbe amejifungia. Anayesema kwamba vizuizi vya mkono huua wenyewe kwa kusahauliwa hana budi kutazama ni wenzo upi anaoushutumu. Mara nyingi ni huu uliowekwa pasipo njia ya kidole gumba.

Jeshi la Austria lilipotafuta mrithi wa bastola ya P38 mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilitoa masharti 17, na aliyeyatimiza alikuwa Gaston Glock wa Deutsch-Wagram, mtu aliyekuwa akitengeneza fito za mapazia na visu vya askari, wala hakuwahi kuunda bunduki. Silaha yake ilikubaliwa mwaka 1982 kwa jina la P80, na ulimwengu ukaijua kwa jina la Glock 17. Kiunzi chake ni cha plastiki, magazini yake huchukua risasi 17, na haina wenzo wa kidole gumba kabisa. Lakini atakayesema kwamba haina kizuizi atakuwa hakuifungua akaitazama. Pini yake, ambayo hapa hufanya kazi ya mtambo pia, hukaa imevutwa nusu tu. Nguvu iliyobaki huongezwa na kidole chenyewe kinapovuta, kwa mvuto wa kilo 2 na nusu hivi. Ndani mna kidude kinachoziba njia ya pini mpaka kifyatulio kifike nyuma. Mna umbo linalouzuia wenzo wa ndani wa kifyatulio usishuke silaha ikianguka. Na usoni mwa kifyatulio mna ulimi mwembamba ambao usipobonyezwa, kifyatulio chote hakiendi. Ulimi huu hudharauliwa kwa kuwa kila kinachokigusa kifyatulio katikati huubonyeza pia, na hilo ni kweli. Bali kazi yake hasa ni nyingine, nayo nitaieleza punde.

Hikima ya Glock ni kwamba kidole cha shahada kimepewa dhima yote, nacho hakidaiwi kukumbuka jambo wakati wa hofu isipokuwa kukaa nje ya kifyatulio mpaka saa ya kupiga. Gharama yake ni kwamba kila kisicho kidole kikiingia mahali pale, pindo la shati au kamba ya koti, mtambo hautofautishi. Na liko jambo jingine ambalo wanunuzi hawalifikirii dukani: ili Glock ifunguliwe kusafishwa, sharti kifyatulio kivutwe. Aliyeitoa magazini akasahau kwamba risasi moja imebaki katika chemba, akavuta kwa nia ya kusafisha, atapiga risasi chumbani mwake. Kizuizi cha mkono kisingemfaa kitu, maana angekifungua mwenyewe kwa makusudi. Kingemfaa kifuniko kinachotoka bila kifyatulio kuguswa, kama kilivyotoka kile cha M9.

Polisi wa New York walipoacha bastola za silinda na kuchukua za kujipakia mwaka 1993, walijaribu njia ya tatu, ya kuweka springi nzito hata mvuto ukazidi kilo 5, ili askari aliyezoea silaha ya zamani asipige kwa kugutuka. Naiheshimu nia yao, lakini sikubaliani na dawa yenyewe. Bastola yenye uzito usiofika kilo 1 ikivutwa kwa nguvu ya kilo 5, mkono husogea nayo, na risasi inayokosa shabaha katika mtaa uliojaa watu haipotei hewani.

Mwaka 2017, tarehe 19 Januari, jeshi la Marekani likaichagua bastola ya SIG Sauer, ile P320, kwa mkataba uliokadiriwa kufikia dola milioni 580, likaiita M17, na sharti mojawapo lilikuwa wenzo wa kidole gumba pande zote mbili. Wengi walistaajabu: baada ya miaka 35 ya Glock, kwa nini kurudi nyuma? Mimi naona sharti lile lilikuwa la busara. P320 hukaa pini yake ikiwa imevutwa zaidi kuliko ya Glock, na mvuto wake ni mfupi, na kifyatulio chake cha kawaida hakina ule ulimi. Mwaka huo huo ilidhihirika kwamba zile zilizouzwa kwa raia zikianguka kwa pembe fulani, upande wa nyuma ukitangulia, huweza kupiga zenyewe, kwa sababu silaha ikisimama ghafla juu ya sakafu kifyatulio kizito huendelea na mwendo wake kuelekea nyuma, kama kwamba kimevutwa. Mtengenezaji akakipunguza uzito na kubadili viungo vya ndani. Ndipo kazi ya ulimi wa Glock ionekanapo: haukuwekwa kuzuia pindo la shati, bali kuzuia uzito wa kifyatulio chenyewe.

Fauka ya hayo, jeshi si watu wachache waliochaguliwa kwa ustadi wao. Wengi wao hubeba bastola miezi mingi bila kupiga, wakiipakia na kuipakua malangoni mwa kambi, wakiingia nayo garini, wakiichomoa na kuichomeka. Na hatari yao kubwa imo katika mishughuliko hiyo. Wenzo wa M17 umerudishwa katika kiunzi, na mwendo wake ni ule wa mwaka 1911, chini kufungua, ambapo kidole gumba hushukia chenyewe mkono unapoukaza mpini.

Kwa hiyo anayechagua leo asianze na wenzo. Na aichukue bastola ikiwa tupu, mbele ya muuzaji, akivute kifyatulio taratibu apate kujua kina mwendo gani na uzito gani. Ikiwa mtambo umepanda wote na mvuto ni mwepesi, wenzo si hiari. Kisha aujaribu kwa kidole gumba chake pasipo kuulegeza mkono, na atumiaye mkono wa kushoto autafute upande wake. Usipofikika, au ukiwa unapanda mahali ambapo mkono unashuka, heri aiache akachukue isiyo na wenzo yenye mvuto wa wastani, na fedha iliyobaki ainunulie ala ngumu inayokifunika kifyatulio chote na ambayo mdomo wake haufungiki bastola ikishachomolewa, ili wakati wa kurudisha, mkono usiwe na haraka yoyote na macho yaone pindo la nguo liko wapi.