Mkataba wa Maharage

Kila mwaka, halmashauri zinapoandaa bajeti itakayoanza kutumika Julai 1, afisa ununuzi wa jiji huanza kuhesabu vinywa. Wengi tunaiona kazi yake kuwa ya mihuri na saini, na zikitajwa zabuni mawazo yetu hukimbilia wizi. Wizi upo, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huuanika mwaka hadi mwaka. Lakini ipo pia kazi iliyofanywa vizuri, nayo haina habari ya gazeti. Nimekaa pembeni ya meza ya mwanamke anayeifanya, katika mojawapo ya majiji ya Tanzania, nikaifuata zabuni moja tangu karatasi yake ya kwanza: chakula cha shule ya msingi yenye bweni la watoto wenye ulemavu. Ofisini wanamwita Mama Ugavi.

Karatasi ya kwanza hutoka kwa idara tumizi, yaani idara itakayokitumia kinachonunuliwa. Hapa ilikuwa elimu ya msingi, ikisaidiana na afisa lishe na afisa ustawi wa jamii. Mwalimu alileta mahitaji yaliyochapwa vizuri: watoto 120, gramu 400 za unga wa mahindi kwa kila mtoto kwa siku, gramu 150 za maharage, siku 194 za masomo. Mama Ugavi alisoma taratibu, kalamu ikifuata mistari, ikasimama kwenye 194.

"Mwalimu, hawa watoto wa bweni Jumamosi na Jumapili wanakula wapi?"

Mwalimu akaichukua karatasi bila neno. Iliporudi ilikuwa na siku 270: kilo 12,960 za unga na kilo 4,860 za maharage. Tofauti ya unga peke yake ilizidi tani tatu na nusu. Kwa hesabu ya kwanza chakula kingepungua kabla mwaka haujaisha, na asingekuwepo mtu aliyeiba hata punje.

Baada ya hapo alikwenda stoo ya shule mwenyewe, akahesabu baki na kulitoa kwenye mahitaji. Akaangalia pia msimu. Mahindi hushuka bei baada ya mavuno ya katikati ya mwaka na kupanda kuelekea mwanzo wa mwaka unaofuata, kwa hiyo zabuni ya nafaka inayotangazwa Januari huwa imeshagharimu kabla ya kufunguliwa. Aliipangia Julai kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, akaenda kwa mweka hazina kuuliza kama fedha itakuwepo mwezi huo. Akajibiwa kwamba huenda isiwepo yote. Akagawa mafungu ya uletaji, mwezi kwa mwezi, ili jiji lisiagize kisicholipika. Hatua hii haionekani popote kwenye mkataba, na bila hiyo mkataba ungekuwa ahadi tupu.

Kisha akaingia jikoni. Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu kweli. Vipimo vya bidhaa angeweza kuvinakili kutoka zabuni ya mwaka uliopita, na sheria isingemkamata. Badala yake alivuta kigoda karibu na mpishi mkuu, mama wa makamo aliyekuwa akipeta maharage kwenye ungo, akamwuliza mwaka jana kilisumbua nini.

"Mawe, mama," mpishi akasema bila kuinua macho. "Andika yawe yamechambuliwa. Mtoto asiyeona jiwe analijua likishafika kwenye jino."

Likaandikwa. Mpishi akaongeza habari ya samaki: wale wa miiba midogo wanawahangaisha wasioona, maana mwiba hutafutwa kwa kidole na chakula kinapoa. Likaandikwa nalo: minofu isiyo na miiba. Wapo wawili watatu wasiotafuna vizuri, na uji wao unataka unga laini. Likaandikwa. Nilihesabu mistari aliyotoka nayo pale jikoni. Haikujaza nusu ukurasa, lakini hakuna ofisi ambayo ingeibuni.

Jioni aliikalia kazi ya kuyageuza maneno hayo yawe vipimo. Nilidhani ni kazi ya dakika chache. "Maharage mazuri" ni maneno ambayo kila mfanyabiashara anaweza kuyatimiza, kwa sababu hakuna anayeweza kuyapima. Aliandika: maharage makavu, zao la msimu huu, yaliyochambuliwa, yasiyo na mawe wala wadudu hai, unyevu usiozidi asilimia 14, kwenye mifuko iliyoshonwa mdomo. Asilimia hiyo aliitoa kwenye kiwango cha Afrika Mashariki. Maharage yenye maji mengi huongeza uzito siku ya mizani na kuota ukungu mwezi unaofuata.

Kwenye unga alikaa zaidi. Akaandika kwamba sumukuvu (aflatoksini) kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1 isizidi 5, na kwamba kila shehena ije na cheti cha maabara. Sumukuvu haionekani kwa macho, haina harufu, na haifi kwa kuchemshwa kwenye sufuria ya ugali. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliokula mahindi yao wenyewe nyumbani kwao. Kwa mtoto wa bweni, ambaye hula sahani ile ile ya unga ule ule siku 270, ulinzi alionao ni mstari huo mmoja na mtu atakayekumbuka kuusoma.

Palikuwa na uamuzi mwingine wa kufanya. Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Njia rahisi ni kuwapa chochote ili takwimu itimie. Yeye aliigawa zabuni vipande. Unga na maharage, vinavyotaka ghala na mtaji, aliviacha kwa ushindani wa wazi. Mboga na matunda, vinavyotakiwa vibichi na kwa kiasi kidogo kidogo, alivitengea vikundi vilivyosajiliwa, maana kikundi cha akina mama wenye bustani kinaweza kuleta mchicha uliochumwa asubuhi hiyo hiyo, na kampuni ya mbali haiwezi.

Tangazo halikuwa na mengi. Siku hizi zabuni hupita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki ulioanza kutumika mwaka 2023, na kitasa cha sanduku la mbao la zabuni kimebaki historia. Saa ya kufunga ikifika mfumo unafunga. Hakuna bahasha ya kuchelewa wala mlinzi wa kubembeleza.

Kamati ya tathmini iliteuliwa, wajumbe wakasaini tamko kwamba hawana maslahi na mzabuni yeyote. Walianza na nyaraka, wakaja kwenye vipimo, wakamalizia na bei. Bei ya chini kuliko zote ya maharage ilikuwa chini hata ya bei ya soko la jumla la wiki hiyo. Mgeni wa kazi angefurahi kuokoa fedha za umma. Wao walimwandikia mzabuni aeleze anatoa wapi maharage kwa bei hiyo. Maelezo yake hayakusimama, naye akawekwa kando kwa sababu iliyoandikwa kwa ukamilifu, neno kwa neno, ili akikata rufaa kila mtu aweze kuisoma.

Kutoka hapo karatasi zilikwenda Bodi ya Zabuni. Mpangilio wa hatua hizi una uzuri ambao haujitangazi. Aliyeomba chakula si aliyetathmini wazabuni, aliyetathmini hakuidhinisha, aliyeidhinisha hasaini mkataba, kwa sababu saini ni ya Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ndiye afisa masuuli. Madiwani hawamo kwenye Bodi hiyo kabisa. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 imeviweka vyombo hivi mbali kwa makusudi, kila kimoja kikijibu kwa kazi yake. Bodi ilirudisha makabrasha mara moja, ikitaka ufafanuzi juu ya yule wa bei ya chini. Mama Ugavi hakununa. Alisema Bodi isiyorudisha kitu humtia wasiwasi, akaketi kujibu.

Mwanasheria wa jiji naye alikuwa na chujio lake. Rasimu ilisema bidhaa "zitaletwa kwa wakati". Akafuta, akaandika: Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi wa masomo, kabla ya saa 4 asubuhi. Rasimu ilisema bidhaa mbovu "zitabadilishwa". Akaongeza: ndani ya saa 48, kwa gharama ya mzabuni, na usafiri juu yake. Akaibana pia halmashauri yenyewe kwa tarehe ya kulipa. Anayecheleweshewa malipo mwaka huu hupandisha bei mwaka kesho, na anayelipia ni mtoto.

Kisha ikaja Jumatatu ya kwanza. Gari lilirudi kinyumenyume hadi mlango wa stoo, likiwa na maharage ya mwezi, kilo 540: mifuko 10 ya kilo 50 na mmoja wa kilo 40. Kamati ya mapokezi ilikuwa imeshasimama, na Mama Ugavi akakaa mbali kidogo mikono nyuma, kwa kuwa aliyenunua hapokei. Mtunza stoo alipima kila mfuko. Baada ya mizani akachukua bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji, akalitia kwenye mfuko wa kwanza juu, katikati na chini, na kila alipolichomoa punje zilitiririka kwenye sinia la mpishi. Mpishi alizitandaza kwa viganja, akazisogeza kwa vidole, akavunja punje moja kwa jino kusikia kama ni kavu. Akatikisa kichwa kukubali. Mfuko wa pili. Wa tatu. Dereva alitazama saa yake. Hakuna aliyemharakisha wala kuharakishwa naye.

Mfuko wa saba ulikuwa safi juu na safi katikati. Bambo la chini lilipochomoka, sinia lilitoa mlio mwingine. Mpishi hakusema kitu. Alikusanya changarawe tano za rangi ya maharage, akazipanga ukingoni mwa sinia zionekane na wote. Mfuko ukashushwa pembeni. Mwenyekiti wa kamati akasoma kifungu kwa sauti, dereva akasaini, na mfuko ukarudi garini. Stakabadhi ya mapokezi ikaandikwa kilo 490. Kuandika 540 na kungoja mfuko mwingine kungekuwa rahisi, na pengine ungekuja kweli. Ulikuja, Jumatano, ukachomwa bambo kama wenzake, ukaandikiwa stakabadhi yake.

Karatasi hizo mbili ndizo zilizofika mbele ya madiwani. Katika taarifa ya robo mwaka, Kamati ya Uchumi, Afya na Elimu ilikuta kwenye kabrasha tarehe mbili za mapokezi katika mwezi mmoja. Diwani mmoja wa viti maalumu, aliyekuwa ameshakunja kona za kurasa kadhaa, akainua mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mkataba unasema Jumatatu ya kwanza. Hii ya Jumatano ni ya nini?"

Akajibiwa kwa stakabadhi. Hakutosheka na karatasi, na hakukosea. Kamati ilipofanya ziara alikwenda moja kwa moja stoo, akaomba ledja, akahesabu mifuko kwa kidole, kisha akaingia jikoni kumwuliza mpishi lini mara ya mwisho alikuta jiwe. Hiyo ndiyo kazi ya diwani katika mikataba. Hachagui mzabuni, anahakikisha kwamba kilichoandikwa kimefika kwenye sufuria, na anauliza mahali ambapo mtu hawezi kumjibu kwa maneno ya jumla.

Mama Ugavi hakuwepo kwenye ziara hiyo. Alikuwa ofisini na mahitaji ya zahanati mbili, kalamu ikitembea juu ya mistari.

Baraza la Madiwani huketi kila robo mwaka, na mikutano yake iko wazi kwa wananchi. Zabuni zilizotolewa huwekwa kwenye NeST zionekane. Ikiwa katika kata yako kuna shule ya bweni, zahanati au kituo kinachohudumia wasioweza kujisemea, mwombe diwani wako akuambie mambo matatu: mkataba umeandika vipimo gani, nani anapokea mzigo, na stakabadhi ya mwezi uliopita ina kilo ngapi. Kisha nenda ukaketi kwenye Baraza siku taarifa hiyo inaposomwa.