Mizani ya Amplifaya na Spika za Gari

Aghalabu mtu anunuapo amplifaya ya gari huitazama kwanza ile tarakimu kubwa iliyochapishwa juu ya boksi, akadhani kuwa ndiyo kipimo cha uwezo wake, ilhali tarakimu hiyo ni ya mshindo wa nukta moja tu; ipasayo kutegemewa ni ile ndogo iliyomo katika kijitabu, yaani wati za kudumu, ambazo amplifaya huweza kuzitoa, na spika kuzipokea, muda wote muziki upigwapo.

Natulichukue gari dogo lenye spika nne za omu 4, kila moja ya wati 60 za kudumu, pamoja na sabufa ya wati 300 yenye koili mbili za omu 4 kila moja. Amplifaya ilifaayo gari hili ni yenye njia nne za wati 50 katika omu 4, na njia ya tano ya wati 300 katika omu 2. Kwani koili zile mbili zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ukinzani wake hushuka hata omu 2, na amplifaya ikatoa nguvu yake kamili, lakini zikiungwa kwa mfuatano ukinzani hupanda hata omu 8, na zile wati 300 zikapungua hadi kiasi cha 75. Na lau mwenye gari angaliongeza sabufa ya pili mfano wa ile, koili zote zikaungwa sambamba, ukinzani ungalifika omu 1, mkondo ukazidi, na amplifaya isiyoundwa kwa mzigo huo ama ingalijizima ama ingaliungua.

Wengi huhofu kuwa wati nyingi ndizo ziuazo spika, wala hofu hiyo si batili. Illa madhara hutokana pia na amplifaya iliyolazimishwa kupita uwezo wake, kwa sababu hapo vilele vya wimbi la sauti hukatwa vikawa bapa, na wimbi lililokatwa kabisa hubeba nguvu mara mbili ya wimbi safi la kimo kile kile, hata amplifaya ya wati 50 ikakaribia 100 na kuiunguza spika ya 60. Kwa hiyo geini, yaani kile kidhibiti kiamuacho ishara ya redio ikuzwe kiasi gani, hairekebishwi kwa sikio bali kwa mita: waya za spika hufunguliwa, mlio wa majaribio ukapigwa, na geini ikapandishwa isizidi volti 14.1 kwa kila njia ya spika na 24.5 kwa ya sabufa, ambazo ni kipeuo cha pili cha wati zikizidishwa kwa omu. Kisha mpaka huwekwa penye hezi 80 hivi, sauti za chini yake ziende kwa sabufa, na spika ndogo zisalimike na mzigo wa besi.

Jumla ya wati 500 huweza kuvuta ampea zipatazo 45 kutoka betri ya gari. Basi waya uwe mnene, fyuzi ikae karibu na betri, na waya wa hasi ufungwe penye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Ewe msomaji, kabla hujatoa fedha yako, andika omu na wati za kudumu za kila chombo, uzihesabu. Na muuzaji asiyeweza kukutajia hesabu hizo, usinunue kwake.